Injini ya Pikapu Isipimwe kwa Nguvu za Farasi Peke Yake

Katika kambi na vituo vya Mbale na kandokando yake, ni kawaida askari kubishana juu ya injini bora ya dizeli kwa pikapu. Mmoja husifu ya zamani kwa uvumilivu wake, mwingine husifu mpya kwa wepesi wake. Lakini kwa askari jambo hili si mchezo. Tarehe 1 Machi 2010, maporomoko ya udongo yalikifunika kijiji cha Nametsi huko Bududa na kuua mamia ya watu. Siku kama ile, gari lisilowaka kambini ni uhai wa mtu unaopotea mlimani.

Tuzitazame injini mbili za Toyota zijulikanazo sana. Ya kwanza ni 1HZ ya Land Cruiser, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1990. Ina silinda sita, ujazo wa lita 4.2, na nguvu za farasi zipatazo 130. Haina turbo. Ya pili ni 1GD ya Hilux, iliyotokea mwaka 2015. Ina silinda nne na lita 2.8 tu, lakini kwa msaada wa turbo hutoa nguvu za farasi zaidi ya 170, tena kwa mafuta machache zaidi.

Kwa hesabu hiyo, mpya imeshinda. Na mlimani huzidi kushinda, kwa sababu injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Mbale yenyewe imepita mita 1,100, na apandaye Kapchorwa huenda juu zaidi.

Hata hivyo, hesabu haijaisha. Injini ya dizeli haina cheche. Hewa hubanwa mpaka ikawa moto mkali, na mafuta yakinyunyizwa humo huwaka yenyewe. Tofauti kubwa imo katika unyunyizaji huo. Ile ya zamani hutumia pampu ya vyuma vitupu, ambayo fundi mzoefu huielewa bila kompyuta. Ile mpya huyasukuma mafuta kwa shinikizo linalozidi mara elfu moja lile la hewa ituzungukayo, kupitia matundu madogo mno, kwa amri ya kompyuta. Maji kidogo au vumbi ndani ya dizeli huweza kuziharibu nozeli zake, na hapo spana peke yake haitoshi.

Maji hayo hutoka wapi? Mara nyingi hutoka katika pipa lililoachwa nusu tupu, ambamo unyevunyevu wa usiku hugeuka matone. Kwa hiyo swali la kwanza la ofisa wa usafirishaji lisiwe "Ina nguvu kiasi gani?" bali "Mafuta yake yatatunzwa wapi, na nani atalitazama chujio?"

Maoni yangu ni haya. Kituo cha mbali, kinachotegemea mafuta ya mapipa na fundi mmoja, kipewe injini ya zamani, ingawa ni nzito kupanda. Doria ya barabara kuu, kama ile ya Tirinyi, iliyo karibu na gereji yenye vifaa, ipewe mpya. Tena dereva wa gari lolote amwage maji ya chujio kwa ratiba iliyoandikwa, na mwenye turbo aiache injini ingurume polepole dakika moja baada ya mlima mkali kabla ya kuizima.

Ndugu askari, bunduki husafishwa kabla ya kuhitajiwa. Chujio la dizeli lina haki hiyo hiyo. Atakayekuwa chini ya udongo hatauliza gari lenu lina farasi wangapi; atataka lifike tu.