Heri Yule Mama wa Mteja

Ugomvi mwingi wa siku hizi hauletwi na mtu. Unaletwa na mtandao uliokatika na programu iliyonyamaza.

Umetuma meseji. Tiki moja. Saa mbili baadaye bado ni moja. Kufika jioni ushaamua: ameniblock, ama amezima simu makusudi, ama yuko na mtu. Kumbe bando iliisha akiwa Githurai.

Kwenye WhatsApp tiki moja ina maana moja tu: ujumbe umetoka kwako, lakini haujafika simu ya mwenzako. Sababu husemewi. Labda simu imezima, labda hana netiweki, labda kweli amekuzuia. WhatsApp wenyewe wanakubali kwamba dalili za kuzuiwa wameziacha na utata kusudi, ili kulinda siri ya aliyekuzuia. Na ujumbe usipofika, baada ya siku 30 unafutwa kwenye seva. Nani aliwahi kukuambia?

Usidhani haiwezekani. IRC, programu ya gumzo aliyoiunda Jarkko Oikarinen kule Finland mwaka 1988, haikuwa na haya. Seva ilikuwa inakubishia hodi kila baada ya muda. Usipoitika, inakutoa na kuwatangazia waliobaki: huyu amekatika, hakuitika. Stori inaendelea, hakuna kinyongo. Kasoro yake ni kwamba yaliyosemwa ukiwa nje yalikupita, seva haikukuwekea. Sisi tumepata seva ya kutuwekea meseji, tukapoteza ukweli.

Kuna watakaosema huko ni kuchunguzana. Hoja nzito, na siipuuzi: kuna mtu anayehitaji kumzuia mwingine bila yule kujua, na usalama wake uko hapo. Lakini sitaki kuambiwa uko wapi ama umebakisha bando ngapi. Nataka maneno mahali pa alama: "Bado haujafika kwenye simu yake." Hayo hayamfichui yeyote. Na upande wangu niambiwe peupe: "Wewe ndiye uliyekatika, tangu saa tisa na dakika kumi." Simu ikitoka waifai kuingia data, muunganisho wa kwanza unaweza kufa kimyakimya, programu ikakaa pale ikidhani mambo ni shwari, nawe unangoja jibu la meseji ambayo haijatoka.

Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipata hitilafu, intaneti ya Afrika Mashariki ikaanza kutambaa. Tulijua sababu, kwa hivyo tulilaumu nyaya. Binadamu husamehe akielezwa.

Nyinyi mnaounda app hapa Nairobi mnajua netiweki ya ndani ya lifti na ile ya ushago. Msiige ukimya wa wakubwa. Hata yule mama wa "mteja hapatikani," tunayemtukana kila siku, ana adabu kuwashinda: angalau yeye husema.