Staa, Hiyo Simuleta ni ya Mazoezi au ya Kiki?

Wadau, leo sitaji jina, maana mnamjua. Kuna staa wa mjini kaposti chumba kizima: skrini tatu, taa za rangi, usukani wa bei ya bodaboda, na chini kaandika eti anajifua kwa ajili ya traki. Komenti zote moto na makopakopa. Mimi nikavuta picha mpaka miguuni. Pedali ni zile za bei chee, kiti ni cha ofisini chenye magurudumu!

Jamani, tusidanganyane. Gari la ukweli unalipunguza mwendo kwa nguvu ya mguu, na mguu ndio unaotakiwa kukariri. Pedali za bei chee zinapima tu umbali zilioshuka, kwa hiyo unakariri kitu ambacho traki hakipo. Inatakiwa breki inayopima nguvu, wanaiita lodi seli. Na ukiikanyaga hiyo sawasawa, kiti chenye magurudumu kinakimbilia ukutani. Ndiyo maana watu wanafunga fremu ngumu isiyopinda.

Usukani mkali una kazi yake, sikatai. Wa gia wa kuanzia unatoa kama nyutonimita 2, wa dairekti draivu unafika hadi 20 na zaidi. Unakuambia tairi za mbele zimeanza kuteleza. Ila kama umechelewa breki, kona umeshaikosa.

Najua mtaniletea yule wa filamu ya Gran Turismo. Sawa, Jann Mardenborough alishinda GT Academy 2011, na 2013 akaendesha Le Mans. Hapo katikati je? Alifundishwa kwenye magari ya kweli, na 2012 alikuwa anashindana British GT. Gemu lilimfungulia mlango, halikumpa leseni ya kujiona.

Kinachoniuma si hela ya staa, ni yake. Ila kuna dogo kanifuata inboksi anataka kuuza pikipiki inayomlisha ili apate skrini tatu kama zile. Nikamuuliza traki utaenda lini? Kanijibu, "Bro, traki ya nini, usiku barabara ni nyeupe."

Mmeona? Kwenye simuleta ukigonga unabonyeza kitufe, unaanza upya. Mwili hausikii chochote, hata woga haupo. Barabarani kuna mama anafunga meza yake ya mihogo, na yeye hana kitufe.

Kwa hiyo staa, una wafuasi, waambie ukweli. Kwanza breki, pili fremu, tatu usukani, mwisho skrini, tena moja iliyo karibu na uso inatosha kuanzia. Na mbio ni za traki, na mwalimu pembeni. Ukishindwa kusema hivyo, basi andika tu kwamba unapiga picha, tutakulaiki vilevile.

Wewe unasemaje? Shusha komenti hapo chini, matusi waachie wenyewe.