Fitna ya Pyeongchang ni somo kwa wenyeji wa AFCON 2027

MPIRA wa Afrika unazijua fitna. Wageni kunyimwa uwanja wa mazoezi, vyumba vya kubadilishia nguo kupuliziwa dawa, ngoma kupigwa usiku kucha nje ya hoteli. Mashabiki wameyasikia yote hayo na mengine wanayacheka vijiweni. Lakini usiku wa Februari 9, 2018, mjini Pyeongchang, Korea Kusini, ilichezwa fitna ya aina nyingine kabisa, na aliyeicheza hakulazimika hata kusogelea geti la uwanja.

Ilikuwa ni ufunguzi wa Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi. Wakati sherehe zinaanza, Wi-Fi ya uwanjani ikakata. Runinga za kituo cha waandishi wa habari zikazima. Tovuti rasmi ya michezo ikaanguka, na waliokuwa hawajachapisha tiketi zao wakakwama. Mafundi walikesha kuinua mitambo, na tovuti ilirudi baada ya saa 12 hivi. Mashindano yenyewe hayakusimama. Siku mbili baadaye waandaaji walikiri kwamba wameshambuliwa, ila waligoma kutaja aliyehusika.

Kugoma kule wengi walikuona kama woga. Leo, ukirudi nyuma na kuangalia yaliyofuata, ilikuwa ni busara kubwa.

Programu iliyofanya uharibifu ule ilipewa jina la Olympic Destroyer na wachunguzi wa Talos, kitengo cha usalama cha kampuni ya Cisco. Kazi yake ilikuwa ya kinyama. Iliiba nywila, ikaruka kutoka kompyuta moja hadi nyingine, ikafuta nakala za akiba, kisha ikafuta na kumbukumbu za mitambo zinazoonyesha nani aliingia, lini na wapi. Yaani mwizi anavunja duka, halafu anaondoka na daftari la mlinzi.

Hata hivyo alama zilibaki, na alama hizo zilielekeza vidole Korea Kaskazini. Vipande vya programu ile vilifanana na kazi za Lazarus, kundi la wadukuzi linalohusishwa na nchi hiyo. Kwa mtu mwenye haraka, kesi ilikuwa imekwisha.

Sasa kumbuka usiku ule uwanjani kulikuwa na nini. Wanamichezo wa Korea mbili waliingia pamoja chini ya bendera moja. Kim Yo Jong, dada wa kiongozi wa Korea Kaskazini, alikuwa jukwaani. Nchi hizo ziliunda hadi timu ya pamoja ya wanawake ya mpira wa magongo wa barafuni. Kama waandaaji wangekurupuka kumlaumu jirani, maridhiano yale yangeweza kufia palepale.

Hapo ndipo uchunguzi wa kidijitali ulipofanya kazi ambayo mwanamichezo anaifananisha na VAR. Mwamuzi akitazama kwa kasi ya kawaida anaona penalti. Picha ikirudishwa taratibu, inaonekana mshambuliaji kajiangusha mwenyewe ndani ya boksi.

Machi 2018, watafiti wa Kaspersky walieleza kwamba alama ya Lazarus iliyokutwa ndani ya programu ile ilikuwa imebandikwa. Kila programu hubeba taarifa fulani kuhusu zana zilizotumika kuiunda. Hii ilidai imeundwa kwa zana ya zamani, lakini ndani yake kulikuwa na jina la faili ambalo enzi za zana hiyo lilikuwa bado halipo. Ni sawa na cheti cha kuzaliwa cha mwaka 1960 chenye nembo ya mkoa ulioanzishwa mwaka 2012. Aliyekighushi alijua watu watatazama, ila hakudhani watatazama kwa makini kiasi hicho.

Wengine walifuata njia nyingine. Michael Matonis, aliyekuwa mtafiti wa kampuni ya FireEye, aliacha kuikodolea macho programu, akafuatilia nyaraka zenye mtego zilizotumwa kwa barua pepe kabla ya michezo. Nyaraka zikampeleka kwenye seva, seva zikampeleka kwenye anwani za mtandaoni, na mojawapo ya anwani hizo ilikuwa imetumika mwaka 2016 kuwatega maofisa wa uchaguzi wa Marekani.

Oktoba 2020, Marekani iliwafungulia mashitaka maofisa sita wa GRU, idara ya ujasusi wa kijeshi ya Urusi, shambulio la Pyeongchang likiwa miongoni mwa tuhuma. Urusi ilikana. Kinachojulikana ni kwamba Desemba 2017 ilikuwa imefungiwa kushiriki michezo ile kwa sababu ya kashfa ya dawa zilizokatazwa, na wanamichezo wake 168 walikwenda bila bendera wala wimbo wa taifa.

Kutoka shambulio hadi mashitaka ilipita miaka miwili na miezi minane. Kwa shabiki anayetaka jibu kabla ya mapumziko, huo ni muda mrefu mno. Lakini jibu la haraka lingekuwa jibu la uongo.

Hili linawahusu moja kwa moja Tanzania, Kenya na Uganda, wenyeji wa AFCON 2027. Shabiki wa Dar es Salaam tayari amezoea kugusisha N-Card getini kwa Mkapa. Tiketi, vitambulisho vya wanahabari, malipo, hata orodha ya wageni, vyote vipo kwenye mitambo. Na Mtanzania gani hajapata ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii"? Barua pepe zilizotangulia Pyeongchang zilikuwa mtego wa ukoo huohuo, zikiwalenga maofisa na hata wanamichezo.

Shida ni kwamba mitambo ikilala siku ya mechi, presha yote inakuwa kwenye kuiamsha. Fundi anafuta kila kitu, anaweka upya, geti linafunguka, watu wanapiga makofi. Ushahidi nao umefutika. Utaratibu unataka kompyuta iliyoathirika inakiliwe kwanza, neno kwa neno. Nakala hiyo hupewa namba ya utambulisho inayokokotolewa kutokana na vilivyomo, ikibadilika herufi moja tu, namba nayo inabadilika. Kila anayekishika kielelezo anaandikwa. Kumbukumbu za mitambo nazo zihifadhiwe mahali pengine, ambapo mvamizi hawezi kufika na kuzifuta.

Sheria haiwaachi hivihivi. Kwa Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaitaka mahakama ipime jinsi taarifa ilivyotengenezwa, ilivyotunzwa na kama imebaki salama. Ushahidi uliovurugwa na fundi mwenye nia njema unaweza kumwokoa mhalifu.

Na wenyeji safari hii ni watatu, wenye polisi watatu na sheria tatu. Mvamizi anaweza kuingilia Kampala, akaharibu Nairobi na kuacha alama bandia Dar es Salaam. Majirani wasipokubaliana mapema nani anashika kielelezo na nani anazungumza na umma, watakaa wakilaumiana wakati aliyewachonganisha anatazama mechi nyumbani kwake.