Sarakasi Nayo ni Somo

Ikitajwa sarakasi, wengi wetu huwaza vijana wanaopandana mabegani mbele ya watalii wa Mombasa, basi. Dhana hiyo ndiyo inayotuzuia kuiona kuwa sanaa, na hasara yake huwaangukia zaidi vijana wa mbali, kama wale wa Turkana.

Sarakasi ya kisasa haitegemei simba wala tembo. Mwili wa binadamu ndio unaosimulia: kuruka, kuanguka na kubebana huwa lugha ya kisa kizima. Ufaransa ilianzisha chuo cha taifa cha sanaa hiyo mjini Châlons mwaka 1985. Wala Afrika Mashariki si mgeni. Katika miaka ya 1960 Tanzania ilipeleka vijana China kujifunza sarakasi, nao waliporejea wakaunda kikundi cha taifa. Jijini Nairobi, Sarakasi Trust ilianzishwa mwaka 2001 ili kukuza vipaji vya aina hiyo.

Je, kijana wa Nawoitorong, pembeni mwa Lodwar, ajifunzie wapi? Na yule wa kambi ya Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992, ambako wamezaliwa watoto wasioijua nchi nyingine? Edonga, ngoma ya Waturkana, tayari huwafunza vijana kuruka kwa mpigo mmoja. Wanachohitaji ni mwalimu, godoro la kuangukia na nafasi katika ratiba ya shule.

Watakuwapo watakaonipinga kwamba penye ukame, na penye kambi iliyopunguziwa mgao wa chakula mwaka 2025, sarakasi ni anasa. Sikubaliani nao. Kweli, sarakasi haijazi sufuria. Lakini wenyeji na wakimbizi wa Kakuma wamewahi kugombania hata kuni, na hakuna anayeweza kusimama juu ya mabega ya mtu asiyemwamini. Somo hilo la kuaminiana halifundishiki kwa chaki peke yake.

Mtaala wa umilisi umeweka mkondo wa sanaa na michezo katika sekondari ya juu. Nawasihi walimu wa Turkana wasiuache uishie kwenye kandanda na kwaya. Nayo serikali ya kaunti haina budi kugharamia wakufunzi na vifaa, kwani mazoezi bila usalama ni hatari tupu. Samaki mkunje angali mbichi.