Fundi akisema "seva ina shida", usikubali kirahisi

Mteja kajaza kapu, kabonyeza "Lipia", kaona ukurasa mweupe au namba 500. Kaondoka zake. Hiyo 500 inasema tu seva imekwama, haisemi wapi.

Mimi naona usimlipe fundi kwa kubahatisha. Kama duka lako ni la WordPress, mwambie kwenye wp-config.php awashe WP_DEBUG na WP_DEBUG_LOG, ila WP_DEBUG_DISPLAY aiweke false. Kosa litaandikwa kwenye debug.log: faili gani, mstari wa ngapi. Mara nyingi plagini yenye tatizo inaonekana hapo hapo. Akimaliza azime, na faili hilo alifute.

Mteja yeye aone: "Samahani, oda haijapita. Tuandikie WhatsApp."

Fundi wako anakuonyesha kosa, au anakwambia "subiri" tu?