Wilaya Imebadili Jina, Shamba Halikuhama

Wakulima wa Burumba, yafaa mjue wilaya yenu ilivyozaliwa. Hata mwaka 1902 nchi hii, toka Mto Malaba mpaka Ziwa Victoria, ilikuwa sehemu ya Uganda. Ndipo ikatiwa katika Himaya ya Afrika ya Mashariki, ndiyo Kenya ya leo, na Wateso wakajikuta pande mbili za mpaka. Tukaitwa Nyanza Kaskazini, kisha Elgon Nyanza, na mwaka 1963 Busia. Baadaye Teso ikatengwa kuwa wilaya. Tangu 2013 sote tu Kaunti ya Busia.

Karatasi ya shamba huandikwa jina la wilaya ya siku ile. Basi wako watu watupao karatasi kuukuu, ati wilaya imekwisha! Mimi nasema ni hasara. Siku jirani akisogeza mpaka, karatani atakayoulizwa mwanao ni hiyo hiyo.