Njia ya Farasi Katika Ardhi ya Umma

Ardhi inapoitwa ya umma, hapana budi kuuliza ni umma upi, na kwamba umma huo utaingiaje humo. Nchini Marekani maswali hayo yamebishaniwa bungeni na mahakamani kwa miongo mingi, na katikati ya ubishi huo wamesimama farasi, punda na baghala, yaani wanyama wa kupandwa na kubeba mizigo.

Tarehe 3 Septemba 1964 Rais Lyndon Johnson alitia sahihi sheria ya kulinda maeneo ya pori. Isipokuwa kwa dharura na shughuli chache za usimamizi, sheria hiyo ilipiga marufuku magari, injini na vyombo vyote vya kimakanika vya usafiri. Farasi hakupigwa marufuku. Maeneo hayo yalianza na ekari milioni 9 hivi, na sasa yamezidi milioni 110. Mtu huyafikia kwa miguu yake, kwa mtumbwi, au kwa miguu ya mnyama.

Wenye farasi wanayo hoja nzito. Mzee asiyeweza tena kupanda mlima na mzigo mgongoni hubebwa na mnyama. Aidha, kwa kuwa misumeno ya injini kwa kawaida hairuhusiwi porini, miti iliyoangukia njia hukatwa kwa msumeno wa watu wawili, na vifaa hivyo hupelekwa na baghala. Mwaka 2013 wakaguzi wa serikali waliliarifu Bunge la nchi hiyo kwamba ni robo tu ya njia za Idara ya Misitu iliyofikia kiwango kinachotakiwa, na kwamba kazi iliyolimbikizwa ilikuwa ya dola milioni 314. Sheria ya mwaka 2016 ikaiagiza Idara iongeze maradufu kazi ya njia inayofanywa na watu wa kujitolea na washirika wengine. Vyama vya wapanda farasi vimo miongoni mwa wanaojitolea hivyo kwa jasho lao.

Lakini watembea kwa miguu nao hawabishi bure. Kwato huchimba udongo laini wa mabonde ya milimani, ambako majani huota kwa msimu mfupi, na samadi huchafua maji. Msafara wa baghala wa biashara haulingani na mtu mmoja na farasi wake. Ndiyo maana sheria ya 1964 inaruhusu huduma za biashara porini kwa kadiri ya lazima tu. Mwanzoni mwa mwaka 2012 mahakama iliona kwamba katika hifadhi za Sequoia na Kings Canyon, huko California, kadiri hiyo haikuwa imepimwa ipasavyo. Vibali vya wenye misafara vikawa mashakani kabla ya msimu wa kiangazi. Bunge likapitisha sheria ya kuviruhusu vitolewe, nayo ikatiwa sahihi tarehe 5 Juni mwaka huohuo. Mpango kamili wa kulisimamia pori hilo ulikamilika mwaka 2015.

Hapa pana funzo kwa kila mtumishi wa umma. Bunge liliwaokoa watu waliokuwa karibu kupoteza riziki zao, na hilo si baya. Hata hivyo, kama kipimo kilichotakiwa na sheria kingefanywa kwa wakati wake, kusingekuwa na kesi wala haraka. Uzembe wa ofisi humfikia mwananchi ukiwa umevaa joho la hakimu.

Katika miaka ya 2000 mbunge George Radanovich wa California na wenzake walipeleka mswada mpana zaidi. Walitaka ardhi ambazo kwa desturi zimetumiwa na wanyama hao ziendelee kuwa wazi kwao. Mswada huo haukuwa sheria. Sehemu iliyotaka wananchi washirikishwe kabla njia haijafungwa ilikuwa ya haki, kwani kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Udhaifu wake ulikuwa katika neno desturi.

Desturi ya nani? Katika milima ya Wallowa, jimboni Oregon, liko pori linaloitwa Eagle Cap. Waliojulikana kwa farasi katika nchi ile ni Wanez Perce, mabingwa wa ufugaji. Mwaka 1877 walishurutishwa na jeshi kuihama, wakapigana, wakashindwa. Ardhi ilikuja kuitwa ya umma baada ya wenyewe kuondolewa. Basi anayedai leo kuingia humo na farasi kwa sababu ya desturi hana budi kukiri kwamba desturi hiyo aliikuta kwa wengine.

Kwa hiyo msingi bora wa sheria ya namna hii si ukongwe wa mazoea, wala si chuki ya mtembea kwa miguu dhidi ya samadi. Msingi ni hali ya ardhi yenyewe, ipimwe bonde kwa bonde, na haki ya wote wanaohusika kusikilizwa kabla ya uamuzi, wenyeji wa asili wakitangulia. Pale majani yanapostahimili, mnyama apite. Pale yasipostahimili, njia ifungwe, na mwenye farasi aelezwe sababu kwa ushahidi. Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake, lakini mwenye kuikata kamba hiyo sharti kwanza aende akalione lenyewe lile lisho.